Kwa nini mji wa siri kwenye riwaya za fantasia huwa chini? Hapa Amu (Lamu) ulikuwa juu

Zidaka

Assalaam aleikum wadau. Nataka tuongee kuhusu zile riwaya za fantasia za mjini, zile ambazo mji ni mmoja lakini ndani yake kuna mji wa pili ambao watu wa kawaida hawauoni. Najua humu tuko wengi tunaozisoma, na kila tukizijadili tunaongea uchawi tu, nani ana nguvu gani, nani atamshinda nani. Leo nataka tuongee pesa na ukoo. Nani kawekwa mji upi, na kwa nini.

Chukua Neverwhere ya Neil Gaiman, ilitoka 1996, kwanza kama tamthilia ya BBC halafu riwaya. Kijana wa ofisini anaitwa Richard Mayhew, katoka Scotland kaja kutafuta maisha London, jioni moja anatembea na mchumba wake wanaenda kula na bosi wa huyo mchumba, wanamkuta msichana kalala njiani anavuja damu. Mchumba anataka wapite, wasichelewe. Richard anainama anambeba. Kuanzia hapo London inamfuta. Teksi hazimsimamii, ofisini hakuna anayemjua, nyumba yake inaonyeshwa wapangaji wapya yeye akiwa ndani anaoga na hawamwoni. Kaingia London ya Chini, kwenye mitaro na mahandaki ya treni, wanakoishi watu ambao mji umewatupa.

Hii ni hadithi ya tabaka na imesema wazi kabisa, ukiwa maskini wa kutosha mjini watu wanaacha kukuona, macho yao yanakuruka. Hapo nampa heko. Lakini endelea kusoma, utaona jambo limenikaa rohoni miaka. Yule msichana aliyeokotwa, Door, ni binti wa nyumba kubwa, babake ni Lord Portico, kwa hiyo hata huko chini kwa waliotupwa kuna mabwana na mabibi na ukoo bora, Earl ana baraza lake ndani ya treni na watumishi wake. Halafu kuna msichana mwingine, Anaesthesia, wa wale wanaoongea na panya, huyu ndo maskini wa kweli, alikimbia nyumba ya shangazi yake alikokuwa akilelewa akaangukia chini. Anapewa kazi ya kumsindikiza Richard sokoni, wanavuka daraja la giza pale Knightsbridge, na giza linamchukua yeye. Richard anafika ng'ambo salama. Hadithi inasonga mbele na mwenye jina kubwa, yule mtoto wa chini anaachwa darajani, na wasomaji wengi hata jina lake hawalikumbuki. Mimi nalikumbuka.

Sasa swali langu. Mbona kila mara mji wa siri ni chini na ni wa maskini?

Nadhani jibu liko kwenye ujenzi. London ya kweli ilijengwa hivyo. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka uvundo mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni, ndo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa idhini ya kujenga mitaro mikubwa ya maji machafu chini ya mji. 1863 ikafunguliwa reli ya kwanza duniani inayopita chini ya ardhi. Na nyumba za matajiri wa enzi hizo jikoni iko chini ya usawa wa barabara, mtumishi ana mlango wake na ngazi yake ya nyuma, chakula kinapanda mezani na mpishi haonekani. Mtu aliyekulia kwenye mji kama huo akiota mji wa siri ataota ngazi za kushuka tu. H. G. Wells alishaota hivyo 1895 kwenye The Time Machine, wafanyakazi wamesukumwa chini vizazi na vizazi mpaka wamegeuka viumbe wengine, Morlocks, na wale laini wa juu wanaliwa usiku. Fritz Lang naye 1927 na Metropolis, vijana wa matajiri wanacheza bustanini juu, mashine na watu wa mashine wako chini. Kila mwandishi anafuata ramani ya nyumba aliyoiona.

Njoo Amu sasa.

Nyumba zetu za mawe hazikuchimbwa chini, zilipanda. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watumwa na ya kuweka mali, juu ndo kwa wenyewe. Ukipanda unapita kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kila unavyosogea ndani ndivyo unavyokaribia heshima ya nyumba, yaani wanawake wa kiungwana. Na juu ya vichochoro kuna wikio. Kwa wasioijua, wikio ni chumba kilichojengwa juu ya njia kimeshika nyumba hii na nyumba ya pili, chini watu na punda wanapita. Nyumba za jamaa zikiunganishwa hivyo, bibi anaweza kwenda kwa dadake, kwa shangazi, kwenye harusi, na asikanyage njia hata mara moja.

Kwa hiyo mji wa siri ulikuwepo, kwa mawe na boriti, na ulikuwa juu, na waliofichwa ni matajiri. Hilo ndilo nataka tulitafune. Kwa Richard Mayhew kutoonekana ni msiba, ni kupoteza kazi na nyumba na jina. Kwa bibi wa Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, wa karne ya 19 kutoonekana ndo mali yenyewe. Aliyeonekana na kila mtu ni mtumwa wa kike, anayeteka maji, anayetumwa sokoni, na ambaye hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama bibi yake.

Na kama lazima bibi atoke nje? Ilikuwepo shiraa, kitambaa kikubwa kimeinuliwa kwa miti, watumwa wanashika miti, mabibi wanatembea katikati, ukuta wa nguo unakwenda nao njiani. Hebu fikirieni hilo kama waandishi. Bibi aliye ndani haoni kitu isipokuwa kitambaa. Anayeshika mti ndo anaona njia, anaona watu, anajua leo tunapita wapi, na mlango ukifunguliwa anaingia pamoja nao. Miji yote miwili anaijua yeye. Hizi riwaya zinatafuta mtu wa kuvuka mpaka na zinamleta kijana wa ofisini ambaye hajui lolote eti ili msomaji ajifunze naye, wakati mvukaji wa kweli yuko pale toka ukurasa wa kwanza kabeba kitu.

Semeni na nyinyi.

Pweza_Mkavu

Uzi mzito huu. Lakini dada Zidaka, umeiruka The City & the City ya China Miéville ya 2009, na ndo mfalme wa hii mada. Miji miwili, Besźel na Ul Qoma, iko mahali pamoja kabisa, barabara ile ile, na watu wanafundishwa toka utotoni kutouona mji wa pili. Hapo hakuna juu wala chini. Fomula yako inasimamaje?

Zidaka

Kaka nilikuwa naiweka akiba, umefanya vizuri kuileta.

Kile kitabu nakiheshimu kuliko vyote kwa sababu moja, kutoona kumefanywa kuwa kazi. Hakuna jini wala fimbo. Ukiwa unaendesha gari Besźel unalikwepa gari la Ul Qoma ili usiue mtu na papo hapo unajifanya hukuliona, nguo zao, mwendo wao, hata harufu ya chakula chao, yote unayafuta kichwani kabla hayajatulia. Ukikosea kuna Breach, wanatokea wanakuchukua. Na mgeni hatembei tu, lazima kwanza apewe mafunzo ya kutoona. Mpelelezi Borlú anafuata mauaji ya mwanafunzi wa kigeni na kila hatua inabidi ajue yuko mji gani kisheria, sio kimwili.

Tabaka limo, ila limelala. Besźel imechakaa, Ul Qoma ina pesa mpya na majengo mapya yanang'aa, watu wa Besźel wanaishi kando ya huo utajiri na sheria inawakataza kuutazama. Nikisoma hapo namfikiria mtu wetu hapa. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda, boti inampokea, inamshusha Shela mlangoni pa nyumba aliyokodi, anakaa wiki yake, anarudi kwa njia ile ile. Mtaa wa Langoni hajauona, Wiyoni hajausikia. Hakuna aliyemfundisha kutoona, njia ya boti imemfanyia hiyo kazi. Lakini anayempikia, anayemfulia, anayemchotea maji akioga, huyo jioni anarudi mtaani kwake akiwa na habari zote za kule. Mpaka uko upande mmoja tu.

Hapo ndo nasema Miéville kaacha kitu. Kwake kutoona ni sawa kwa wote, pande zote mbili wanajifuta sawasawa. Kwenye miji ninayoijua mimi aliye juu anaweza kuishi maisha mazima bila kumwona wa chini, wa chini hawezi hata nusu siku, kwa sababu lazima ajue mwenzake anakula saa ngapi.

Mtaa_wa_Chini

Dadangu Zidaka, nimesoma yote na nakuunga mkono pale pa shiraa, pamenigusa sana, mimi ni wa Langoni na kwetu hadithi za wikio tunazisikia kwa waliokuwa wakipita chini yake. Sasa niongeze upande wetu maana huu uzi bado uko Mkomani, hata mtumwa anaonekana akiwa tu kwenye nyumba ya bwana. Alikuwa na kwake pia! Mtu akiteremka zile ngazi alikuwa na ngoma zake, wenziwe, dua zake, wapenzi wake, na hayo bwana hakuyaona wala hakutaka kuyaona. Huo nao ni mji wa siri na haukuwa mtaroni, ulikuwa hadharani mchana kweupe.

Mfano ni Habib Swaleh. Alikuja Amu kutoka Komoro karne ya 19 ikiishia, sharifu, mtu wa elimu, akakaa na watu wa Langoni na akawasomesha wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja wasome, watumwa na watoto wa watumwa na wageni wa Hadhramaut wasio na kitu. Maulidi yakasomwa kwa matwari, wakubwa wakachukia, wakasema ngoma hazina mahali kwenye dini. Leo hii mji mzima unamiminika msikiti wa Riyadha wakati wa Maulidi, watu wanatoka mpaka nje ya Kenya, na katikati ya sherehe ni Langoni. Mji wa chini umekuwa uso wa mji.

Hiyo sijaikuta kwenye riwaya hata moja ya hizi. Kwao mji wa chini unabaki chini mpaka mwisho, shujaa akishamaliza kazi yake unafunikwa tena, na sisi tunaambiwa ni vizuri uendelee kuwa siri. Vizuri kwa nani?

Na hii siwezi kuiacha. Wanapenda sana kupamba dhiki. Kulala mtaroni na panya kunafanywa kuwe na taa za mishumaa na nguo za mahameri zilizochanika. Mtu aliyelala na mvua ndani haiti hiyo ajabu.

Zidaka

Ndugu yangu, umesema lile lililokuwa likinisumbua. Mwisho wa Neverwhere Richard anarudishwa juu, anapewa cheo kazini, nyumba nzuri zaidi, halafu inamchosha, anachagua kushuka tena. Ni mwisho mtamu, nilipousoma mara ya kwanza niliupenda. Lakini kuchagua umaskini kwa sababu maisha ya ofisi yanaboa ni ruhusa ya mtu aliyekuwa na ofisi. Anaesthesia hakuulizwa.

Na Riyadha nakubali asilimia mia. Mji unaweza kupinduka. Nani aandike fantasia ambayo mji uliofichwa unakataa kufichwa na kurasa mia mbili za mwisho ni za namna watu wanavyozoea kuonana? Ningekinunua siku hiyo hiyo.

Kaskazi_Malindi

Wa Malindi nimefika, msituache nyuma. Sisi tunayo Gedi hapa jirani, na Gedi ni mji maradufu kwa kila maana. Ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Ndani ya ukuta wa ndani kuna jumba la mfalme, msikiti mkubwa, nyumba za mawe na makaburi ya nguzo. Watu wa kawaida walikaa nje ya huo ukuta kwenye nyumba za udongo, na udongo umerudi kuwa udongo, kwa hiyo leo mtalii akilipa tiketi anaonyeshwa mji wa matajiri peke yake na anaondoka akidhani ndo Gedi nzima. Mji ulihamwa karne ya 17, msitu ukaumeza, James Kirkman akaanza kuchimba 1948, na 2024 UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wazee hapa wanasema una wenyewe, mizuka inaulinda. Kama naandika riwaya mizuka yangu ingekuwa ni wale wa nyumba za udongo, wanadai vyumba vyao ambavyo hakuna aliyeviwekea kibao.

Na mji wenyewe wa Malindi mnaujua, majumba ya kifahari ya Wazungu kando ya bahari, kuta ndefu, maua ya bogenvilia juu, askari getini. Asubuhi tuktuk na bodaboda zinawatoa watu Maweni na Kisumu Ndogo zinawapeleka kwenye hayo mageti, jioni zinawarudisha. Kuna wapishi Malindi wanaongea Kiitaliano safi na hawajawahi kupanda ndege.

Ndoto_za_Manda

Shikamuu dada Zidaka. Mimi niko fom foo, naandika riwaya kwenye simu na nimeanza moja ya Amu yenye miji miwili. Niliweka mji wa majini ndo mji wa siri na majini wanawakilisha watumwa wa kae. Sasa nimesoma huu uzi nimebaki najiuliza niendelee au vipi?

Zidaka

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuandika, wengi tunaongea tu.

Endelea na riwaya ila watenganishe hao wawili. Majini kwetu hawajapungukiwa. Wana miji yao, wafalme wao, dini zao, kuna Waislamu na kuna makafiri, na sura ya saba ya Kurani aya ya 27 imesema shetani na kabila lake wanatuona kutoka mahali sisi hatuwaoni. Ndo maana mama zetu wanasema bismillahi kabla ya kumwaga maji ya moto usiku, tusije tukaunguza mtoto wa mtu. Yaani tumekulia kwenye mji maradufu tayari, tunaishi kwa adabu na majirani tusiowaona, huo ni utajiri ambao mwandishi wa London inabidi autunge kutoka sufuri. Utumie kwa heshima yake.

Mtumwa ni jambo jingine. Alikuwa binadamu, na dhuluma yote ilikuwa kwamba alitendewa kama kitu kingine. Ukimgeuza jini umemtoa tena kwenye ubinadamu, hata kama jini lako ni zuri na lina nguvu. Wells alifika hapo na Morlocks, alianza na huruma kwa wafanyakazi akaishia na madude meupe ya kutisha gizani, na msomaji akifunga kitabu anaogopa wafanyakazi badala ya kuogopa aliyewasukuma chini.

Mpe yule msichana wa shiraa hadithi. Awe mtu kamili na majini wawe majini kamili. Mathalan, bibi yake ana makubaliano na majini wa nyumba, ukoo unawalisha ubani na uvumba vizazi vyote, lakini kwa mikono ya nani? Nani anayebeba chetezo kila Alhamisi? Kwa hiyo majini wanamjua nani kwa sura na kwa harufu? Bibi anadhani wanamtii yeye. Halafu weka maji. Maji matamu ya mji yanatoka visima vya chini ya michanga ya Shela, na mji wote, juu na chini, unakunywa hayo. Kwenye kisima ndo watu wa tabaka zote wanakutana hata wasipotaka, maana anayetumwa kuteka anakutana na mwenzake wa nyumba ya pili na hapo habari zinabadilishana.

Mtaa_wa_Chini

Na mwaka uweke 1907, utumwa ulipofutwa kisheria huku pwani. Karatasi inasomwa, kesho yake msichana yuko huru. Mji wa juu bado upo, wikio bado ipo, nani atashika miti ya shiraa? Halafu fanya lile lililotokea kweli, waliokuwa watumwa wakavaa buibui, wakajifunika kama mabibi. Huyo binti ajifunike apite usita wa mui, njia kuu ya mji, mchana, yule bibi apite pembeni yake asimjue.

Zidaka

Hapo pamekaa sawasawa. Ila Ndoto, usiifanye hiyo sura ya mwisho, iweke katikati. Mwisho wake ni mtamu mno na utakudanganya kwamba kazi imekwisha. Buibui limemfunika lakini bado hana nyumba, hana shamba, na kila mtu mtaani anajua mamake alikuwa wa nani, mambo ya ukoo Amu yameulizwa kwenye posa miaka mingi baada ya hiyo karatasi. Na yeye bado anajua kila chumba cha juu, ni nani alilia wapi, dhahabu iko kidaka gani, na majini bado wanamsubiri Alhamisi. Nusu ya pili ya kitabu ni uamuzi wake anayafanyia nini hayo anayoyajua. Andika sura mbili za kwanza uzilete hapa, mimi nitazisoma, na Mtaa_wa_Chini akague upande wa Langoni.

Ndoto_za_Manda

Sawa dada. Majini nawatenganisha. Ila msichana nimempa jina la bibi yangu mzaa mama, hilo silibadilishi.

Mtaa_wa_Chini

Usilibadilishe. Na asife darajani.